Upande wa Mkunjo

Mkasi wa mama mkwe ni wa kunyolea kondoo,
mzito kama kufuli la ghala,
na kondoo wa mwisho wa ukoo huu
aliuzwa kabla mume wangu hajazaliwa.
Kwa mkasi huo Bogumiła hukata unyoya wa jogoo
mwembamba kuliko kope ya mtoto.

Nilipoolewa hapa Łowicz nilidhani karatasi ni karatasi.
Akanikalisha. "Halszka, kunja.
Upande wa mkunjo usiuguse,
huo ndio uti wa mgongo.
Kata huku, kwenye kingo zinazoachana,
kisha fungua polepole, kama unayemwamsha mgonjwa."

Aprili ile tulipata oda: lebo sitini
za kufunga kwenye chupa za asali,
zawadi kwa wageni wa arusi.
Jagna na Oskar, Jumamosi ya tatu ya Juni.
Nikazichovya kadi kwenye chai ya rangi,
nikazianika hadi zikawa kama ganda la mkate.
Mama mkwe akalaza bati lililotobolewa herufi,
kadi juu yake, kifudifudi,
akasugua kwa kitako cha sindano ya kufumia
mpaka majina yakatutumka upande wa pili,
hayana wino,
yana kivuli tu.
Nami nikasokota vipande vya kijani kwenye kijiti cha meno,
nikaviacha vilegee, nikabana ncha moja:
jani.
Jani, jani, jani, mia na ishirini,
hata usingizini vidole vyangu vilisokota shuka.

Alhamisi, simu. Arusi hakuna.
Mama mkwe alisema "aha"
akarudi kukoroga gundi yake ya unga
iliyokuwa inaanza kushika utando.

Jagna alikuja mwenyewe kulipa,
koti la mvua, bahasha, hesabu kamili hadi grosi ya mwisho.
Lebo hakuzitaka.
Kuondoka pia hakuondoka.
Bogumiła hakumpa pole. Alimsogezea kiti,
karatasi nyekundu, mkasi,
akamchorea jogoo mmoja kwa penseli:
ukikata na kufungua watatoka wawili,
wameshikilia ua moja katikati.

Alikata haraka, kama anayechuna,
akapitisha mkasi upande wa mkunjo.
Alipotaka kufungua, hapakuwa na cha kufungua.
Jogoo huyu, na jogoo yule,
kila mmoja na nusu yake ya ua.

Nilisubiri kilio. Alicheka,
cheko fupi, baya, lililoishia puani.
"Na sasa?"
"Sasa wako wawili," akasema mama mkwe.
"Gundi hiyo hapo. Nafasi baina yao ipime mwenyewe."

Alipima muda mrefu.
Chai yake ilipoa, nikaimwaga, nikamletea nyingine.
Mwishowe akawabandika kwenye kadi moja wakitazama nje,
na kati yao akaacha upana wa kidole.
Nilimwonyesha kichupa cha unga wa dhahabu,
labda anyunyize pale patupu.
Akatikisa kichwa.
Aliondoka na kadi kwenye mfuko wa koti.
Ilitumwa kwa nani sijui,
wala sijui kama ilitumwa.

Lebo sitini tuliziokoa kwa majani yangu yaleyale:
tuliyabandua pembeni, tukayahamishia juu ya majina,
mawili kwa kila lebo, uzi mpya wa katani,
tukamuuzia mfugaji nyuki kwa nusu bei.
Kazi haitupwi.

Ila karatasi iliyobonyezwa haisahau.
Jana nimenunua asali sokoni,
nikaipeleka lebo dirishani,
nikaiinamisha mwanga uipige ubavuni:
chini ya jani, kichwa cha J,
na mkia wa g uliochungulia kama panya.
Nilimwita mama mkwe aje aone.
Alivaa miwani, akatazama, akalisukuma jani kwa kucha.
"Ulibana vibaya," akasema. "Hili linalegea."

Asali yenyewe ilikuwa nzuri.